Ukurasa ulioandikwa nusu: ya kujua kabla hujakabidhiwa seva ya hifadhidata

PostgreSQL husoma na kuandika data zake kwa kurasa za kilobaiti 8. InnoDB, injini ya MySQL, hutumia kilobaiti 16. Diski haijui ukurasa ni nini. Inachokijua ni sekta, ya baiti 512 au 4096, na ikiahidi chochote ni kwamba sekta moja itaandikwa yote au isiandikwe kabisa. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa PostgreSQL ni sekta 16 au 2, wala hakuna anayedhamini kwamba zote zitafika pamoja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, unabaki na ukurasa wenye kichwa kipya na mkia wa zamani. Huo ndio ukurasa uliochanika.

Mgeni wa kazi hii hujibu upesi: si kuna logi? Ipo. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye WAL, yaani logi hiyo, na COMMIT (amri ya kukamilisha muamala) haijibiwi mpaka logi ifike diskini. Seva ikianguka, logi husomwa upya tangu chekipointi ya mwisho (mara ya mwisho kurasa zote zilizobadilika zilipoandikwa diskini) na mabadiliko hurudiwa. Tatizo ni kwamba rekodi ya logi kwa kawaida ni fupi. Haielezi ukurasa mzima ulivyo. Inasema tu, kwenye ukurasa wa 42, nafasi ya 5, weka baiti hizi. Maelekezo hayo yana maana kama ukurasa unaoyapokea ni mzima.

Na kuna baya zaidi. Kichwani mwa kila ukurasa imo LSN, alama ya mahali kwenye logi pa badiliko la mwisho lililougusa ukurasa huo. Wakati wa urejeshaji, LSN ya ukurasa ikiwa sawa na ya rekodi au imeipita, rekodi inarukwa, kwa maana kazi yake imeshafanyika. Sasa fikiria nusu ya kwanza, yenye kichwa, imefika diskini na LSN mpya, nusu ya pili haikufika. Urejeshaji unasoma kichwa, unaridhika, unapita. Hakuna kosa linaloandikwa popote.

Usiliamini hili kwa kusimuliwa. Anzisha klasta ya majaribio (saraka mpya ya data na seva yake) isiyo na cheksamu, zile namba za kuhakiki kwamba ukurasa haujaharibika (toleo la 18 la PostgreSQL huziwasha lenyewe, hivyo amri ya initdb uipe `--no-data-checksums`), kisha:

CREATE TABLE t (n int) WITH (autovacuum_enabled = off);
INSERT INTO t SELECT generate_series(1, 1000);
SELECT pg_relation_filepath('t');

Zima seva kwa utaratibu, ingia kwenye saraka ya data, na ufute nusu ya pili ya ukurasa wa kwanza wa faili uliloonyeshwa:

dd if=/dev/zero of=FAILI bs=4096 seek=1 count=1 conv=notrunc

Washa seva, hesabu kwa SELECT count(*) FROM t. Utapata 872. Rekodi 128 za jedwali zimetoweka bila onyo wala kosa. Hesabu yenyewe ni rahisi: rekodi yenye namba moja tu hula baiti 32 pamoja na kichwa chake, na 4096 ukigawa kwa 32 ni 128. Hata hizo sifuri si za kubuni tu, kwani faili likirefuka PostgreSQL hutanguliza sifuri mahali pa ukurasa mpya, na nusu isiyofika hubaki hivyo hivyo. Rudia jaribio kwenye klasta yenye cheksamu na swali hilo hilo litakwama na ujumbe wa `invalid page in block 0`. Cheksamu hazikutibu, zinakuambia tu kwamba unaumwa; ila kati ya kuambiwa leo na kugundua baada ya miezi sita, wakati nakala rudufu zote nazo zimeshabeba ugonjwa, tofauti ni kubwa mno. Kwa klasta ya zamani, kuanzia toleo la 12, zima seva vizuri kisha tumia `pg_checksums --enable`. Kwenye data nyingi inachukua muda, maana kila ukurasa unaandikwa upya.

Kinga yenyewe kwa PostgreSQL ni `full_page_writes`, nayo huja imewashwa. Kila ukurasa unapoguswa mara ya kwanza baada ya chekipointi, picha yake nzima huingia kwenye WAL. Urejeshaji ukifika hapo hauulizi ukurasa wa diskini uko vipi. Unaufunika kwa picha hiyo, halafu rekodi fupi zinazofuata zinakuta ukurasa mzima. Logi nayo inajilinda, kwani kila rekodi ina CRC (namba ya kuhakiki) yake, na rekodi ya kwanza isiyolingana nayo ndiyo mwisho wa kusoma.

Gharama ni WAL kuvimba, hasa dakika za mwanzo baada ya kila chekipointi. Hapo ndipo watu wanapata tamaa ya kuizima. Usizime, punguza chekipointi. `checkpoint_timeout` huja ikiwa dakika 5 na `max_wal_size` gigabaiti 1, na kwa seva yenye kazi nyingi vipimo hivyo ni vidogo. Dakika 15 hadi 30, na WAL ya gigabaiti kadhaa, hupunguza picha nyingi, kwa bei ya urejeshaji mrefu zaidi siku ya ajali. Washa pia `wal_compression`, inayobana picha hizo. Ikiwa bado unatafuta kasi na biashara inavumilia kupoteza miamala ya sehemu ya sekunde ya mwisho, `synchronous_commit = off` hupoteza miamala hiyo tu na haiharibu data. `fsync = off` (fsync ni amri ya kulazimisha data ifike diskini kweli) huharibu, na haina nafasi kwenye seva yenye data ambayo huwezi kuitengeneza upya.

InnoDB ilichagua njia nyingine. Kurasa zinazokwenda diskini huandikwa kwanza kwenye eneo la pembeni, fsync inafanyika, ndipo kila moja inapelekwa mahali pake. Ajali ikitokea katika hatua ya kwanza, ukurasa wa asili bado mzima. Ikitokea katika ya pili, nakala ya pembeni ni nzima na ndiyo inayorudishwa. Zamani eneo hilo lilikuwa megabaiti 2, yaani kurasa 128, ndani ya ibdata1, faili kuu la InnoDB. Tangu MySQL 8.0.20 ni mafaili yake yenye kiishio .dblwr. Usiyafute ukidhani ni takataka. Na licha ya kuandika mara mbili, kasi haishuki nusu, kwa sababu uandishi wa pembeni ni wa mfululizo na fsync moja huhudumia kurasa nyingi.

Mahali pa kawaida unapoweza kuzima kinga hizi ni kwenye mfumo wa mafaili usioandika juu ya data ya zamani, kama ZFS, na recordsize (ukubwa wa kipande kinachoandikwa kwa pamoja) isiwe ndogo kuliko ukurasa wa hifadhidata.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja: diski ikisema imeandika, iwe imeandika kweli. Diski nyingi za bei nafuu hujibu data ikiwa bado kwenye kache yao. Endesha `pg_test_fsync`, inayopima fsync ngapi zinafanyika kwa sekunde, kwenye diski ile ile itakayobeba WAL. Diski ya sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, basi ikikuonyesha fsync 3000 kwa sekunde na hakuna kadi ya RAID yenye betri mbele yake, inakudanganya. Izime kache kwa `hdparm -W 0`. Kwa SSD, nunua yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika. UPS ni nzuri lakini haizuii keneli (kiini cha mfumo endeshi) kuanguka. Kwenye mashine pepe, angalia kama diski haikuwekwa cache=unsafe; hiyo hupuuza fsync kabisa.

Fsync yenyewe inaweza kushindwa. Mwaka 2018 jamii ya PostgreSQL ilitambua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa, keneli inaweza kuzihesabu kurasa zile kuwa zimeshaandikwa, na jaribio la pili likarudisha jibu la kufaulu. Tangu matoleo ya Februari 2019 PostgreSQL hujiangusha kwa PANIC na kurejesha kutoka kwenye WAL. Ukiiona PANIC hiyo, kagua diski kwanza. `data_sync_retry`, inayoruhusu kujaribu tena badala ya kujiangusha, iache ilivyo.

Siku seva imeanguka, kazi ya kwanza ni kusubiri. `automatic recovery in progress` ni habari njema, na kuiua kwa `kill -9` kwa kukosa subira ni kuanza upya. `invalid record length` mwishoni mwa urejeshaji huwatisha wengi, kumbe mara nyingi ni mwisho wa logi tu. Usifute postmaster.pid, faili linalozuia seva ya pili kuwaka juu ya saraka ile ile, kabla hujahakikisha hakuna mchakato wa postgres uliobaki hai; seva mbili juu ya saraka moja huharibu kuliko umeme. Usifute chochote ndani ya pg_wal, saraka ya logi, hata diski ikiwa imejaa. Ongeza nafasi.

Seva ikikataa kuwaka, izime kabisa na unakili saraka yote ya data kwenye diski nyingine, kisha ufanyie majaribio nakala hiyo. `pg_resetwal` hutupa logi, na inayowaka baada yake si ya kuaminiwa: toa data kwa pg_dump, ipakie kwenye klasta mpya. Kwa MySQL weka `innodb_force_recovery = 1`, kipimo kinacholazimisha InnoDB kuwaka ingawa data imeharibika, jaribu kuwasha, panda ngazi moja moja. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, na 6 haisomi logi kabisa. Ikishawaka tu, endesha mysqldump jedwali moja moja, ili lililoharibika lisikwamishe mengine, na uyapakie kwenye saraka mpya ambayo kipimo hicho kimerudishwa 0.