Eyam wanajuana, lakini

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, ninyi mnaoishi Ulaya mnawajua majirani zenu?", limenigusa, kwa sababu najua wengi watawajibu kwamba Mzungu akishafunga mlango wake jioni hana habari kama jirani yuko hai au amekufa. Wanaosema hivyo wengi huishi katika maghorofa ya mijini, na nina hakika kwamba hata Kariakoo siku hizi mpangaji wa ghorofa ya tatu hamjui wa ghorofa ya nne. Mimi nimefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani katika kijiji cha Eyam, Derbyshire, na kauli hiyo naipinga.

Eyam ni kijiji chenye wakazi wasiofika 1,000, kilichoko milimani kusini-magharibi mwa Sheffield, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1951. Kuna shule ya msingi, baa, ukumbi, basi la kwenda mjini, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994 ambayo huendeshwa zaidi na watu wa kujitolea, na kanisa la Mtakatifu Lawrence ambalo uani kwake umesimama msalaba wa mawe wa karne ya nane.

Wageni, hata hivyo, huja kwa sababu ya tauni. Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 fundi cherehani wa hapo aliletewa kitambaa kutoka London, na msaidizi wake, George Viccars, akawa wa kwanza kufa mwezi Septemba. Juni mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley aliyekuwa ameondolewa kanisani kwa msimamo wake wa kidini, aliwashawishi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji vya jirani. Ibada zikahamishiwa bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delf, na kila familia ikazika wafu wake yenyewe. Chakula kililetwa hadi mpakani, na malipo yakaachwa katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane. Kufikia Novemba 1666 walikuwa wamekufa watu wapatao 260. Mtu akiniambia kwamba watu wa namna hiyo hawajui ujirani, simwelewi.

Lakini kilichonifanya niandike ni jambo dogo zaidi. Kila mwisho wa Agosti, Eyam hupamba visima vyake kwa picha zilizotengenezwa kwa maua, desturi ya vijiji vingi vya Derbyshire, na mwaka mmoja bibi niliyekuwa nikimtunza alitaka nimpeleke kwa kiti chake cha magurudumu akasaidie. Tulikuta mbao kubwa zenye kingo, zilizokuwa zimelowekwa majini ili zisinyonye unyevu wa udongo, zikiwa zimejazwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chumvi usikauke upesi. Mchoro ulikuwa umetandazwa juu ya udongo na kutobolewa kwa sindano, mstari baada ya mstari, hata karatasi ilipobanduliwa picha ikabaki kwenye udongo kwa vitundu. Bibi akapewa kazi ya kuchambua petali kwa rangi zake. Mimi nikapewa bakuli la buni zilizokaangwa, nizipange moja moja kufuata vitundu, zishike mipaka ya picha. Nikawaambia kwamba kahawa kama hiyo ilinisomesha, kutoka kihamba cha babu huko Marangu, na kwamba mzee angenichapa kama angeniona nikiichomeka kwenye tope. Wakacheka sana. Mama mmoja akanionyesha jinsi ya kupanga petali. "Anza chini, panda juu," akasema, ili kila petali ilalie ile ya chini yake kama vigae, mvua iteremke bila kuingia. Mikono ikiendelea, midomo nayo haikupumzika: goti la nani limefanyiwa upasuaji, nyumba ipi imeuzwa na kwa bei gani, nani ametoa pipa la taka siku isiyo yake. Wanajuana, Mhariri, tena wanajuana mno.

Ukutani palikuwa na orodha ya zamu. Ilipofika saa sita mchana zamu yetu ikaisha, watu wakanawa mikono, wakashukuruana kwa adabu, na kila mmoja akaenda kwake. Hakuna aliyesema "karibu nyumbani", si kwangu tu, bali hata kwa bibi ambaye walikuwa wamejuana naye tangu ujana wao.

Nimekuwa nikilifikiria hilo wakati ninaandika, na naona msimamo wangu wa mwanzo haunitoshi. Bibi alipougua majira ya baridi yaliyofuata, majirani walileta supu, mikate na kadi, wakaviweka mlangoni, wakabonyeza kengele na kuondoka kabla sijafika kufungua. Hakuna aliyekosa kuleta, wala hakuna aliyekaa. Wajukuu wake, kwa upande wao, walikuwa mjini, kwa kuwa ndani ya hifadhi nyumba mpya hujengwa kwa nadra na zilizopo ni ghali, nyingine zikigeuzwa za kukodisha watalii. Hata ile simulizi ya tauni ina upande ambao husemwa kwa haraka: Mompesson alikuwa ameshawaondoa watoto wake mwenyewe kijijini kabla ya kuwataka wengine wabaki. Mkewe, Catherine, alibaki naye akafa, kwa hiyo simwiti mnafiki, ila sitamsifu kama nilivyomsifu zamani.

Jibu langu basi ni kwamba wanajuana kuliko sisi, lakini kama mnauliza kama ningependa kuzeekea miongoni mwao, ni hapana. Nasema hivyo nikijua kwamba nazungumzia kijiji kimoja, chenye watu wenye uwezo, na kwamba niliishi humo kama mfanyakazi, si kama mwenyeji. Nasema pia nikijua kwamba kule Marangu shangazi yangu ana majirani wanaoingia bila hodi kutwa nzima, na mwaka jana alipolazwa hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumlishia ng'ombe.