Usipande mti kwa kamba usiyoijua ilikotoka

"Shikamoo kaka. Nimepata tandiko la kuwindia na kamba zake zote kwa dola 60, jamaa anahama jimbo. Nichukue?"

Ndivyo alivyoniandikia kijana mmoja wa Grand Rapids, hapa Michigan, Marekani, Jumanne usiku, na picha tatu chini yake. Nilizikuza kwa vidole, mwili ukanisisimka. Kamba ilikuwa ya kijani upande mmoja, na upande wa pili imepauka kama kanga iliyosahaulika juani. Karibu na ncha, gamba lake liling'aa kama plastiki iliyopitishwa motoni. Nikamjibu kwa neno moja: usichukue. Akaniuliza kwa nini. Jibu lenyewe ni refu, na nimeona nilitoe hapa kwa sababu tumeshakuwa wengi, Wakongo, Warundi na sisi wa pwani, tunaoingia misitu ya Michigan kila Oktoba 1, msimu wa upinde unapofunguliwa.

Kwa asiyejua: tandiko ni mkanda mpana unaokaa kiunoni na makalioni. Unapanda mti kwa vijiti vya kupandia, yaani ngazi fupi fupi, vilivyofungwa kwenye shina, ukifika juu unazungusha kamba kuu kwenye mti, unajining'iniza, miguu ikiegemea kijukwaa kidogo. Mti unakuwa mbele yako na kulungu hakuoni. Ni uwindaji mtamu sana. Nyama ya mwaka mzima inatoka pale, na mshale ukiuachia kwa Bismillah hujali tena duka la halali liko maili ngapi.

Lakini uhai wako wote uko kwenye kamba. Si kwenye tandiko, si kwenye upinde wa dola elfu moja.

Mimi nimezaliwa Pemba. Baba yangu alikuwa mkwezi. Kabla ya kukwea mnazi alikuwa akiipitisha kamba yake ya makumbi kwenye kiganja, pole pole, macho ameyafumba, kuanzia ncha hii hadi ile. Akihisi uzi umekatika anasimama hapo, anaukunja, anautazama. Nilikuwa mtoto na nilikuwa naona anatuchelewesha. Nilivyokuja kuwinda Marekani nilisema moyoni kwamba miti ni mambo yetu, mimi ni mtoto wa mkwezi, nitafundishwa nini? Kiburi hicho ndicho kilichoniangusha, na nakisema wazi ili kisimwangushe mwingine.

Oktoba 2022 mtu mmoja niliyemheshimu, tuliyekuwa tukisali pamoja, aliniuzia vifaa vyake vya zamani. Aliniapia kwamba amevitumia mara mbili tu. Nilimwamini, sikuikagua kamba wala fundo. Kamba kuu ilikuwa nyembamba, milimita 9. Kitanzi cha fundo la prusik alichokifunga juu yake kilikuwa cha kamba ya unene ule ule, na kimekakamaa.

Hapa nitue kidogo, maana ndipo penye siri. Prusik ni kitanzi cha kamba unachokizungusha mara tatu hivi kwenye kamba kuu. Kikivutwa kinabana, kikilegezwa kinateleza, na ndicho kinachokuwezesha kufupisha na kurefusha kamba ukiwa juu. Limeitwa hivyo kwa ajili ya Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Ila linabana vizuri kitanzi kikiwa chembamba kuliko kamba kuu na kikiwa laini. Kitanzi cha milimita 8 juu ya kamba ya milimita 11 kinashika kama mkono wa mama sokoni. Vikilingana unene, hasa kamba ikiwa imelowa, fundo huweza kuteleza.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Nilipanda mwaloni hadi kama mita tano. Nikazungusha kamba kuu, nikafungia karabina, ile pete imara yenye mlango, kisha nikafungua kamba ya kiunoni, ile inayokushika mtini unapopanda, kama ya mafundi wa nguzo za umeme. Nikajiegemeza nyuma. Nilisikia sauti kama zipu. Fundo lilitelezea mwisho wa kamba, na kule mwisho hakukuwa na fundo la kuzuia, kamba tupu. Likachomoka.

Nilivunjika mfupa wa kisigino cha kulia na kifundo cha mkono. Simu ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa juu ya mti. Nilikaa pale chini nikiitazama ile begi ikiyumba. Nilijikokota kwa magoti hadi njia ya magari, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyenikuta. Mungu amlipe.

Miezi mitano sikufanya kazi. Mke wangu alibeba zamu mbili. Aliyeniuzia kamba hakuja kunitazama, hakunipigia hata kusema pole, ila nilisikia anasema mitaani kwamba sikujua kufunga. Hilo bado linaniuma kuliko kisigino kinavyouma kwenye baridi. Nimesamehe, lakini sijasahau, na sidhani kama nina wajibu wa kusahau.

Sasa, mdogo wangu, nikueleze ninavyochagua leo.

Kamba kuu nainunua mpya, dukani, yenye karatasi ya mtengenezaji inayoeleza unene, uwezo wake na tarehe. Vitu vingine nunua mtumba: buti, koti, hata vijiti vya kupandia ukivikagua vizuri. Kamba hapana. Kamba iliyoachwa mtini kiangazi kizima imeliwa na jua, na iliyolazwa kwenye buti la gari karibu na betri inaweza kuwa imeguswa na asidi, nayo asidi huidhoofisha nailoni bila kuacha alama utakayoiona. Hakuna jicho litakalokwambia. Ndiyo maana nasema ujue ilikotoka.

Unene: anza na milimita 11 au karibu na hapo. Najua vijana wanapenda zile za milimita 8 za nyuzi ngumu za kisasa, nyepesi, zinakaa mfukoni. Zina nguvu, sikatai. Lakini kamba nene inashikika ukiwa na glavu alfajiri vidole vimekufa ganzi, na fundo lake halina matata. Ukikaa misimu mitatu ndiyo uhamie nyembamba, na kitanzi chake kiwe kile alichokipanga mtengenezaji, si ulichokiokota. Nikiweza kuchagua, nachukua kamba ambayo jicho lake, yaani kitanzi cha mwisho, limeshonwa kiwandani, kwa sababu kila fundo unalolifunga linaipunguzia kamba nguvu. Kuna na vibano vya chuma vinavyofanya kazi ya prusik. Ni vizuri, ila kila kimoja kimeandikwa unene wa kamba kinaoukubali. Usome.

Karabina ugeuze uone ubavuni. Ya kupandia imechongwa namba, 20 kN au zaidi kwa urefu; kN ni kilonewtoni, kipimo cha nguvu, na 1 kN ni kama uzito wa kilo 102. Utaona pia namba ndogo, mara nyingi 7 au 8, ya kuvutwa kwa upana au mlango ukiwa wazi. Yaani karabina hiyo hiyo ikigeuka ikakaa kiupande inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo iwe ya kufunga mlango kwa kuzungusha, na kila ukijiegemeza uitazame imekaaje. Zile za rangi rangi za kutundikia funguo, zilizoandikwa kwamba si za kupandia, nimemwona mtu na macho yangu akiwa amening'inia kwayo. Nilimwomba ashuke.

Na fundo la mwisho. Nakusihi. Ncha ya kamba kuu ifungwe fundo nene lisiloweza kupita kwenye prusik. Ni kazi ya sekunde kumi. Sekunde hizo kumi ndizo zilizokuwa baina yangu na miezi mitano kitandani.

Kamba ya kiunoni inafungwa miguu ikiwa bado ardhini, haifunguliwi mpaka kamba kuu imeshika na umeijaribu kwa uzito wako wote. Ukipita tawi, funga nyingine juu ya tawi kwanza. Kamba kuu ikae usawa wa kichwa ukiwa umesimama, isilegee. Kamba hizi hazinyumbuki kama za wapanda miamba, kwa hiyo ukipanda juu yake ukaanguka hata nusu mita, mshtuko wote unaingia mgongoni. Wengi wanaijua sheria hii na wengi wanaivunja wakitaka kumwona kulungu aliye nyuma ya mti. Ndugu zangu, hakuna kulungu mwenye pembe za thamani ya uti wa mgongo. Tumevuka bahari na makambi tukafika hapa, tuna watoto shuleni na wazazi nyumbani wanaosubiri simu ya Ijumaa. Mtu afe kwa kuokoa dola 50?

Vijiti vya kupandia sina mengi ya kusema. Viwe vya kufungwa kwa kamba au mkanda, kwanza kwa sababu kwenye ardhi ya umma hapa Michigan ni marufuku kutumia kitu kinachotoboa gome. Upinde uvute juu kwa kamba yake ukishatulia. Simu ikae kifuani, si kwenye begi.

Ijumaa iliyopita, baada ya kuswali alfajiri, nilikuwa kwenye mwaloni ule ule. Ndiyo, ule ule. Nilikuwa nikipima vijiti vyangu kabla ya msimu. Kabla ya kupanda niliishika kamba yangu ncha moja nikaipitisha kwenye kiganja, macho nimeyafumba. Sikupanga kufanya hivyo. Vidole vilijiendea vyenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mzee alikuwa akiyafumba: macho yanaona rangi, kiganja ndicho kinachoona pale kamba ilipolegea ndani, ilipokakamaa, iliposinyaa. Ukikuta sehemu kama hiyo, kamba hiyo imekwisha kazi.

Kijana wa Grand Rapids ameniandikia tena jana. Alishazilipa zile dola 60 kabla hajaniuliza, ameona haya kusema. Nimemwambia tandiko abaki nalo tulikague mshono kwa mshono, na kamba azilete Jumamosi. Nyuma ya nyumba yangu kuna mti, tutaning'inia futi moja kutoka ardhini mpaka ajue kushuka bila msaada. Kisu nitaleta mimi. Kamba zile tutazikata vipande vya mkono mmoja mmoja, asije mwingine akaziuziwa.