Kiporo si pointi: majibu kwa wasomaji wa safu ya Ligi Kuu

Timu yangu iko nyuma kwa pointi 5 lakini ina viporo viwili. Hapa kijiweni wanasema tayari tunaongoza. Ni kweli? (Msomaji, Mbagala)

Si kweli. Kiporo ni mechi iliyoahirishwa, na mechi lazima ichezwe. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16 na kila moja hucheza mechi 30, kwa hiyo chukua kalamu ufanye hesabu hii: pointi za sasa, jumlisha 3 kwa kila mechi iliyobaki. Hicho ndicho kilele cha timu.

Tuseme wapinzani wenu wana pointi 50 baada ya mechi 22. Wamebakiwa na 8, kilele chao ni 74. Ninyi mna 45 baada ya mechi 20. Zimebaki 10, kilele chenu 75. Mnawazidi kwa pointi moja tu. Mkipata sare katika kiporo kimoja, kilele kinashuka hadi 73 na hatima yenu inahamia miguuni mwa wenzenu. Angalieni pia kama timu hizo mbili bado zina mechi baina yao. Kama ipo, vilele vyote viwili haviwezi kutimia, na mechi hiyo ndiyo ya kuzungushia duara kwenye ratiba.

Viporo vingi huzaliwa na mechi za mashindano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ndiyo maana Simba na Yanga huwa navyo kila mara. Ubaya wake ni kwamba hulipwa kwa kubanana: leo uko Dar es Salaam, siku tatu baadaye uko mkoani, na mchezaji aliyefungiwa kwa kulimbikiza kadi za njano anakosa mechi ambayo ulimhitaji kuliko zote. Faida ipo moja, nayo ni kubwa: unaingia uwanjani ukijua mwenzako amepata nini.

Msimu wa 2024/25 ulitufundisha vizuri. Dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile, ikaja kuchezwa Juni 25 ikiwa mechi ya mwisho kwa wote wawili. Yanga iliingia na pointi 79, Simba 78. Sare iliitosha Yanga, Simba ilihitaji kushinda. Yanga ikashinda 2-0 na kumaliza na 82. Ule ulikuwa ubingwa wake wa nne mfululizo.

Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walilingana pointi. Kwa nini Azam ndiye akawa wa pili? (Msomaji, Chamazi)

Wote walikuwa na 69, Azam akapita kwa tofauti ya mabao: uliyofunga ukitoa uliyofungwa. Bao la kufutia machozi mnaloruhusu mkiongoza 4-0 linawauma sawasawa na bao mlilokosa kufunga, na mashabiki wengi hulipuuza. Nafasi ile ilikuwa na thamani: Azam alikwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba akaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Simba hata hivyo aliitumia vyema safari hiyo, akafika fainali mwaka 2025 na kufungwa na RS Berkane ya Morocco.

Timu ya 13 inashuka au haishuki? (Msomaji, Temeke)

Inaweza kushuka. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza mchujo wao kwa wao, nyumbani na ugenini, na mabao ya mechi zote mbili yanajumlishwa. Mshindi anabaki. Aliyeshindwa bado hajafa: anakutana, tena nyumbani na ugenini, na timu ya Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, iliyoshinda mchujo baina ya wa tatu na wa nne wa huko. Tabora United ilipita njia hiyo mwaka 2024. Ilishindwa na JKT Tanzania, kisha ikaitoa Biashara United na kubaki. Mtibwa Sugar haikupata hata nafasi hiyo; bingwa wa 1999 na 2000 alishuka moja kwa moja pamoja na Geita Gold.

Kwa hiyo ukipiga hesabu za kubaki, lenga nafasi ya 12. Kosa tunaloliona kila msimu ni timu kuridhika na ya 13 kwa kuwa iko juu ya mstari wa kushuka, halafu inaingia kwenye mchujo ikiwa imechoka, na wapinzani wao wa Championship wanaitaka mechi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kuna timu iliyochukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja? (Msomaji, Kigamboni)

Ipo. Azam FC, 2013/14.