Tathmini ya upasuaji wa kifua: usikariri majibu, nenda na historia yako

Ndugu yangu, umeuliza kama uende kwenye tathmini ya upasuaji wa kifua, yaani mazungumzo na mtaalamu anayeamua kama akuandikie barua ya kukubali uondolewe matiti, ukiwa umekariri majibu. Wenzako wamekushauri ufiche mambo matatu: kwamba unatumia dawa za sonona, kwamba ulijitambua kuwa mwanamume ukiwa mtu mzima na si utotoni, na kwamba huna mpango wa kufanyiwa upasuaji wa sehemu za siri. Mimi ni mwanamume niliyebadili jinsia, na tathmini hizi nimezipitia, kwanza ya kifua, baadaye ya kuondoa mfuko wa uzazi, kwenye kliniki mbili tofauti. Jibu langu ni kwamba usifiche hata moja. Ila siwalaumu waliokupa ushauri huo. Haukuzuka tu, na ukijua ulikotoka utaingia kwenye chumba kile na hofu pungufu.

Mwaka 1966 daktari Harry Benjamin alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa waliomjia wakitaka kubadili jinsia, na mwaka huohuo hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ikatangaza kliniki yake ya jinsia. Kliniki za namna hiyo zilizofuata Marekani zilikuwa na picha moja ya mtu anayestahili kupasuliwa: amejijua tangu utotoni, anauchukia mwili wake, atawapenda watu wa jinsia aliyoiacha, na akishapona atayazika maisha ya nyuma asijulikane tena. Asiyefanana na picha hiyo alirudishwa. Wagonjwa nao walikisoma kitabu kilekile, wakapeana, wakafika mbele ya madaktari na simulizi zinazofanana mno, hadi kufikia miaka ya 1970 madaktari wenyewe wakaanza kushtuka.

Hata kabla ya hapo kuna binti aliyezaliwa na mwili wa kiume, anayejulikana kwenye maandiko ya kitaalamu kwa jina la Agnes. Alikwenda chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950 akasema matiti yalimwota yenyewe alipobalehe. Wakamwamini, wakampasua sehemu za siri mwaka 1959. Miaka ilipopita akaeleza kwamba tangu ujana alikuwa akimeza vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vya mama yake. Mimi simhukumu hata kidogo. Angeanza na ukweli, wangemfungia mlango.

Aliyeanza na ukweli ni Lou Sullivan, Mmarekani aliyebadili jinsia kama mimi. Alisema wazi kwamba yeye ni mwanamume na anawapenda wanaume, na kliniki ikamkataa kwa sababu hiyo, kana kwamba mtu aliyezaliwa na mwili wa kike akitaka kuishi na mwanamume anapaswa kubaki mwanamke. Alipata upasuaji wa kifua mwaka 1980 baada ya kuhangaika kwingine, akatumia muda wake mwingi kuwabana wataalamu mpaka wakubali kwamba watu kama yeye wapo. Akafariki kwa UKIMWI mwaka 1991. Sisi tunaojibu leo bila kuficha tunampenda nani tunafaidi kazi yake, na inaniuma kwamba wengi wetu hatujui jina lake.

Kwa hiyo wenzako wanapokwambia "waambie wanachotaka kusikia", wanarudia kanuni iliyowaokoa watu kweli. Swali ni kama bado inakusaidia wewe.

WPATH, shirika la kimataifa la wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, lina miongozo inayotumiwa au kunakiliwa na kliniki nyingi. Ya kwanza ilitoka 1979. Toleo la saba, la mwaka 2011, lilitaka barua moja kwa upasuaji wa kifua na barua mbili kwa viungo vya uzazi na sehemu za siri. Toleo la nane, la Septemba 2022, linasema barua moja inatosha kwa mtu mzima, na mahali homoni zinapohitajika kabla ya upasuaji linataja angalau miezi 6, wakati toleo la nyuma lilitaka miezi 12 kwa upasuaji wa viungo vya uzazi. Asiyetaka homoni, au ambaye kiafya hawezi kuzitumia, halazimishwi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, liliiondoa hali yetu kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kujamiiana. Miongozo si sheria, na zipo bima na hospitali zinazodai barua mbili mpaka leo, kwa hiyo uliza mapema zinatakiwa ngapi na za nani. Lakini ukisoma vigezo vya sasa, hutakuta popote panaposema lazima uwe ulijua ukiwa mtoto, wala lazima utake kila upasuaji uliopo.

Wanachotafuta ni hiki: hali yako ya kijinsia imedumu na iko wazi, una uwezo wa kuamua, hakuna sababu nyingine inayoeleza unachopitia, unaelewa upasuaji utakufanyia nini na hautakufanyia nini, umeelezwa athari zake kwa uzazi, na kama una ugonjwa wowote wa mwili au wa akili, umeangaliwa kabla ya kisu. "Kuangaliwa" maana yake si "usiwepo".

Hapo ndipo suala la sonona linapoingia, na ndilo ninalotaka ulisikilize kuliko mengine yote. Nilipofika kwenye tathmini ya kwanza nilikuwa natumia dawa, na kabla ya hapo nilipitia kipindi kibaya sana. Nilisema. Mtathmini hakufunga faili. Aliuliza kipindi kibaya kilikuwa lini, nilimkimbilia nani, nani ananiandikia dawa, na nitajuaje kwamba ninaanza kuzama tena baada ya upasuaji. Hilo la mwisho lilinikamata, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Watu wengi hupata majonzi wiki za mwanzo baada ya upasuaji: mwili umechoka, dawa ya usingizi inatoka, una mirija ya kutolea maji ya jeraha, huwezi kunyanyua mikono, huwezi kuoga vizuri. Asiyejua kwamba hali hiyo huja anaweza kudhani amekosea maisha yake yote. Tulikaa tukapanga nimpigie nani na dalili gani zisipuuzwe. Kwenye barua aliandika kwamba nina historia ya sonona, inatibiwa, imetulia, na haizuii uamuzi wangu. Sentensi hiyo ilinilinda, maana daktari mpasuaji alipoona dawa kwenye orodha yangu hakuwa na la kushangaa.

Sasa fikiria njia ya kuficha. Nimewaona watu wakiacha dawa ghafla wiki chache kabla ya miadi ili waweze kusema "situmii chochote". Usifanye hivyo, tafadhali. Dawa nyingi za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira na sonona yenyewe kurudi, na utafika kwenye tathmini ukiwa katika hali mbaya kuliko ambayo ulitaka kuificha. Zaidi ya hapo, daktari wa usingizi lazima ajue unachomeza. Baadhi ya dawa hizo huongeza kidogo uwezekano wa kutokwa na damu, na damu kuvilia chini ya ngozi ni mojawapo ya matatizo ya kawaida ya upasuaji wa kifua.

Kuhusu kuchelewa kujijua, mimi pia sikuwa na hadithi ya utotoni. Nilikuwa mtoto mtulivu niliyevaa nilichovalishwa. Mtathmini alipouliza, nilimweleza nilichokuwa nacho: nilivyokwepa picha, nilivyotembea nimeinama tangu kifua kilipoanza kukua, nilivyosikia mara ya kwanza kwamba kuna wanaume kama mimi na nikashindwa kulala. Ukweli wenye mapengo unasimama vizuri kuliko simulizi iliyonyooka, kwa sababu akikuuliza swali la pili na la tatu unalo la kusema. Aliyekariri hana swali la tatu.

Na la sehemu za siri ndilo jepesi. Sema hutaki, au hujui. Hakuna anayekudai uitake safari yote ndipo upewe hatua moja.

Maswali ya kujiandaa nayo kweli ni ya upasuaji wenyewe, na hapa nakuomba usome. Je, unajua tofauti ya njia ya mikato miwili chini ya kifua, ambayo huacha makovu marefu na mara nyingi chuchu huondolewa zikapandikizwa upya, na njia ya kupitia ukingo wa duara la chuchu, ambayo inawafaa wenye kifua kidogo? Je, uko tayari kwa uwezekano wa kupoteza hisia kwenye chuchu, au chuchu iliyopandikizwa kufa? Unavuta sigara? Nikotini hubana mishipa ya damu na kuharibu uponaji, na wapasuaji wengi hawamgusi anayevuta. Nani atakaa nawe siku za mwanzo? Unategemea nini kibadilike, na nini unajua hakitabadilika? Mtu akijibu haya kwa maneno yake mwenyewe, tathmini imekwisha kwa sehemu kubwa.

Kama una wasiwasi, utaje. Niliwahi kusema kwamba naogopa kuamka nisiupende mwonekano wa makovu, na mtathmini akachukulia kwamba nimefikiri. Wakikuletea hoja ya majuto, jua kwamba mapitio ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti 27 zenye karibu watu 8,000 yalikuta majuto kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Tafiti hizo zina kasoro, nyingine hazikuwafuatilia watu kwa muda wa kutosha, kwa hiyo usizitumie kama rungu. Lakini zinaonyesha kwamba majuto, ingawa yapo na wanaoyapata wanastahili kusikilizwa, si jambo la wengi.

Nisikudanganye kwamba wote wako hivyo. Kwenye kliniki ya pili, ile ya kuondoa mfuko wa uzazi, nilikutana na mtu aliyeuliza kwa kirefu jinsi ninavyofanya mapenzi, ninafikiria nini nikiwa peke yangu, na kwa nini sijanyoa nywele kama "wanaume wengine". Maswali ya uzazi yalikuwa halali kabisa: kama nimefikiria kuhifadhi mayai, kama najua kwamba ovari zikiondolewa nitahitaji homoni maisha yote kulinda mifupa. Hayo nilitaka kuulizwa. Mengine yalinidhalilisha. Nilimuuliza kwa utulivu, "Swali hili linasaidiaje kuamua kuhusu upasuaji huu?" Akanyamaza kidogo, akahamia swali lingine. Na wewe una haki ya kuuliza hivyo, una haki ya kusema "hilo sitalijibu leo", na una haki ya kwenda na mtu unayemwamini akae kando yako kama kliniki inaruhusu. Ukitoka umeumia, andika siku hiyohiyo kilichoulizwa na aliyeuliza. Malalamiko yenye maneno na tarehe husikilizwa kuliko yenye hasira peke yake.

Naelewa kwa nini hata kuuliza swali hilo kunatisha. Uingereza kwa mfano, watu husubiri miaka kabla ya miadi ya kwanza ya kliniki ya jinsia. Ukishasubiri hivyo, dakika unazopewa zinaonekana ndiyo nafasi pekee duniani, na mtu aliye mbele yako anaonekana ameshika maisha yako mkononi. Kwa kiasi fulani ni kweli ameyashika, na mimi naona hilo ni kosa la mfumo. Hakuna mtu mwingine mzima anayetakiwa kueleza utoto wake ili apewe matibabu ambayo madaktari wenyewe wanakubali yanasaidia. Nitaendelea kulisema hilo. Lakini wewe unaenda kwenye tathmini mwezi ujao, si baada ya mfumo kurekebishwa, na katika chumba hicho ukweli wako ndio unaoweza kuusimamia bila kutetemeka.

Wakikuambia "bado", usiondoke na neno hilo peke yake. Omba waandike sababu, wataje unachotakiwa kufanya na lini watakuona tena. "Bado" yenye masharti unaweza kuifanyia kazi au kuipinga. Isiyo na masharti itakuzungusha tu.

Wakikubali, omba uisome barua kabla haijatumwa. Yangu ya kwanza ilikuwa na jina la zamani juu na jipya ndani, hospitali ikairudisha nikaanza kufukuzia marekebisho. Angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya upasuaji iandikwe vile mpasuaji anavyoiita, sahihi na cheo cha aliyeandika. Halafu uliza inadumu kwa muda gani, maana baadhi ya wapasuaji na bima hukataa barua iliyozeeka, na foleni ya chumba cha upasuaji inaweza kuwa ndefu kuliko uhai wa barua yenyewe.