Anayekutafutia mkopo aanze na hati

Wiki hii mmeuliza: anayetaka mkopo wa nyumba atafute dalali wa kumsaidia, au aende benki mwenyewe? Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma kikazi na familia yangu. Jibu langu: mtafute, lakini awe mtu anayeijua ardhi ya Dodoma kuliko anavyozijua benki.

Mambo ya benki hayajifichi sana. Ukikaa na afisa mikopo utaelezwa riba, muda, na kwamba makato yote lazima yakuachie theluthi ya mshahara. Watu hapa wanakwama kwenye kiwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ilikuwa ikimilikisha viwanja kwa hati za miaka 33 tu. Ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na wamiliki wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99. Wapo ambao hawakwenda kubadilisha. Sasa fikiria unanunua nyumba ya mtu kama huyo, aliyemilikishwa mwaka 1998: karatasi yake inaisha 2031. Benki gani itakupa mkopo wa miaka 20 juu ya hiyo? Na pembezoni, kule Mkonze au Nzuguni, utaonyeshwa nyumba safi kabisa ambayo muuzaji ana mkataba wa serikali ya mtaa tu.

Mama aliyetusaidia sisi aliwahi kuwa afisa mikopo. Kabla ya kututembeza popote aliomba hati ya mshahara wangu na ya mke wangu, akatuambia kiwango chetu, ndipo tukaanza kutafuta. Nyumba ambayo mke wangu aliipenda zaidi aliikataa papo hapo. "Shemeji, nyumba nzuri, lakini karatasi hii benki hawaigusi." Iliyofuata alitupeleka ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, tukaona wenyewe jina la mmiliki na kwamba haina rehani nyingine. Akamtaka muuzaji alete risiti za kodi ya ardhi. Akamtaka na mkewe aje, kwa sababu nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi kuridhia. Namheshimu sana kwa hilo. Nimeona familia zikifarakana kwa saini moja iliyokosekana.

Ujira wake tuliuandika na kusaini mapema, akalipwa benki ilipotoa barua ya kukubali mkopo. Nilimuuliza wazi kama kuna benki inayomlipa kwa kupeleka wateja, naye akajibu bila kununa. Anayenuna kwa swali hilo mwache. Anayetaka umwachie hati halisi akae nayo, au anayejitolea "kurekebisha" hati yako ya mshahara, mkimbie. Taarifa zako za mikopo benki wanaziona, na kesi ya kughushi itabaki na jina lako.

Usikubali akupeleke benki moja tu. Milioni 50 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15 inayokokotolewa kwenye salio, ni rejesho la takriban shilingi 658,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 17 ni 733,000 hivi. Hiyo 75,000, ukiizidisha kwa miezi yote 240, ni milioni 18, na milioni 18 kwa mtumishi ni ada za watoto. Muulize pia ada ya uthamini, bima, gharama za kusajili rehani, na kama kuna faini ukilipa mapema.

Wa kumpata wapi? Mimi nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu ambaye tayari alikuwa anaishi kwenye nyumba ya mkopo, Ilazo. Wathamini waliosajiliwa na mawakili wanaoandaa mikataba ya mauziano nao wanawajua, maana mafaili ya watu hawa hupita mikononi mwao. Waulize ni nani ambaye mafaili yake hayarudishwi na benki.

Msomaji, Dodoma