Michango ya jengo kwenye simu ya mchungaji: anzia hapa

Mpendwa nimekusoma, michango ya jengo inaingia kwenye simu ya mchungaji halafu ukiuliza mahesabu unaambiwa unapinga mpakwa mafuta. Pole aisee. Kuuliza sio dhambi. Soma Ezra 8 kwenye Biblia taratibu, Ezra alikuwa kuhani na mwandishi lakini hela hakushika peke yake, aliteua wakuu 12 wa makuhani akawapimia fedha na dhahabu kwa mizani, walipofika Yerusalemu ikapimwa tena mbele ya watu wanne na uzito ukaandikwa. Na hapo walishafunga na kuomba kabisa!

Kwahiyo chukua wazee wawili mkamuone faragha, ombeni akaunti ya benki ya kanisa yenye sahihi za watu watatu, na hao watatu wasiwe wote ndugu za mchungaji (hii ndo huwa inasahaulika), na mapato yasomwe kila mwezi. Usianzie kwenye grupu la WhatsApp, mtagawanyika bure. Akikataa andikeni barua ngazi ya juu ya dhehebu. Ila kama hela imeshapotea kweli usimtaje mtu hadharani, tafuteni mkaguzi wa mahesabu na mwanasheria kwanza, na meseji zako za malipo usifute.