Programu ya duka imefungwa, niifumue?

*Swali: Nina duka la dawa Chake Chake. Programu ya mauzo nilinunua kwa jamaa ambaye sasa hapokei simu. Hesabu zangu za miaka minne zimo kwenye faili ambalo programu nyingine hazilifungui. Kijana wangu anajua kompyuta. Anasema ataifumua programu, atoe hesabu, kisha aandike yetu. Nitavunja sheria?*

Hesabu ni zako. Muuzaji ana hakimiliki ya msimbo alioandika, yaani maagizo yanayoiendesha programu, si ya orodha ya panadoli zako.

Wengi watakusomea sheria ya Bara ya 1999. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2003, na wakili wako aanzie hapo. Msingi wenyewe umo pia katika TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu: programu inalindwa kama maandishi, lakini wazo na njia ya utendaji havilindwi.

Ugumu uko kwenye kufumua kwenyewe. Ukiirudisha programu iwe msimbo unaosomeka, umeshatoa nakala yake, hata kama huuzi. Ulaya waliruhusu tangu 1991, tena kwa masharti: iwe ni lazima ili programu mbili zielewane. Usidhani ruhusa hiyo imevuka bahari ikafika Pemba.

Kwa hiyo kijana aiache programu, ashike faili. Aingize dawa ya majaribio kwa bei ya 1,000, ahifadhi, atoe nakala. Aibadilishe iwe 1,001, ahifadhi tena, alinganishe mafaili mawili aone palipobadilika. Inachosha kama kuchambua karafuu, lakini msimbo wa mtu hakuugusa. Mwaka 2012, katika kesi ya SAS Institute na World Programming, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema utendaji wa programu na muundo wa mafaili yake havilindwi na hakimiliki ya programu za kompyuta. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila wakili ataitumia.

Faili likiwa na nywila, simameni kwanza. Na tafuta karatasi uliyotia saini: kama inakataza kufumua, hiyo ni kesi ya mkataba, mbali na hakimiliki.

Programu mpya isiandikwe na aliyeuona msimbo wa zamani. Kampuni ya Phoenix ilipotengeneza BIOS (programu ya kuiwasha kompyuta) inayooana na ya IBM miaka ya 1980, kundi moja lilichunguza na kuandika maelezo, jingine likaandika msimbo kwa maelezo hayo tu.

Leo hii nakili faili kwenye diski nyingine, na umwandikie muuzaji barua ya kudai hesabu zako. Baki na nakala yenye tarehe.